Bernadette Seah Geok Eng (1947–2024): Binti wa Mfuga Nguruwe, Mwalimu wa Jumamosi

Padri, ndugu, majirani wa Hougang, na ninyi vijana wa Jumamosi mliosimama huko nyuma kwa sababu viti vimekwisha: tunayemzika leo alizaliwa tarehe 11 Februari 1947, huko Kranji, kaskazini mwa Singapore. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya sita wa mzee Seah Boon Teck na mkewe Ng Siew Hong, wafugaji wa nguruwe. Kwa kuwa siku hiyo Kanisa humkumbuka Mama Maria wa Lourdes, padri hakupata taabu ya kutafuta jina la ubatizo. Akaitwa Bernadette, kama msichana aliyetokewa na Mama Maria huko Lourdes. Nyumbani aliitwa Ah Eng hadi uzeeni.

Mwaka 1954 alianza masomo katika shule ya masista. Kila alfajiri baba yake alizunguka na lori kukusanya makombo ya vyakula mahotelini kwa ajili ya nguruwe, na njiani akamshusha binti yake mbele ya lango. Wenzake wakaziba pua. Siku moja Ah Eng akamwomba, "Baba, nishushe pale kwenye kona, nitatembea." Mzee akacheka. "Unaona haya kwa harufu? Hiyo harufu ndiyo iliyokuvalisha viatu." Akamshusha palepale langoni, akapiga na honi. Mwaka 1963, mvua zilipokataa kunyesha na maji yakawa ya mgawo, alikuwa na umri wa miaka kumi na sita, na kazi yake ilikuwa kupanga foleni na ndoo. Alisema baadaye kwamba siku hizo ndizo zilizomfundisha siasa, chuo kikuu kilimfundisha tu kuiandika. Alihitimu shahada ya historia mwaka 1968.

Mwaka uliofuata aliajiriwa serikalini, upande wa mambo ya nje. Nchi ilikuwa changa, watumishi wachache, na binti wa mfugaji akajikuta akiandika kumbukumbu za vikao ambavyo baba yake asingeruhusiwa hata kuchungulia. Alihudumu Kuala Lumpur kuanzia 1972 hadi 1975, kisha New York kuanzia 1986 hadi 1989. Wakubwa zake walimsifu kwa mambo mawili: mwandiko safi na mdomo uliofungwa.

Tarehe 17 Julai 1976 alifunga ndoa na Cyril Minjoot, fundi wa mabasi, Mkristo mwenye damu ya Kireno. Ndugu kadhaa walinong'ona kwamba huyu si Mteochew, Mchina wa kabila letu. Mzee Seah alimkaribisha Cyril chakulani, akamtazama anavyoimaliza sahani ya miguu ya nguruwe, kisha akatoa hukumu: "Anakula vizuri. Mengine atajifunza." Mungu aliwajalia watoto wawili, Adrian na Clarissa.

Jambo linalofuata marehemu mwenyewe aliagiza lisomwe, na lisipambwe.

Mwaka 1975 familia ilikuwa imehamishwa pamoja na nguruwe wake kutoka Kranji hadi Ponggol, kwa sababu Kranji palijengwa bwawa. Mzee akaanza upya bila manung'uniko. Mwishoni mwa 1983, Bernadette aliandika kumbukumbu za kikao kimoja ambamo alisikia kwamba ufugaji wa nguruwe utakomeshwa nchi nzima. Uchafu wa mazizi ulishuka mitoni, na nchi ilitaka kila tone la mvua liwe la kunywa. Maji mengi yalitoka ng'ambo, Johor nchini Malaysia, kwa bomba. Na nchi inayomtegemea jirani kwa maji ya kunywa haiwezi kukaa naye mezani ikiwa imenyoosha mgongo. Yeye aliielewa hoja hiyo. Pia alikuwa amekula kiapo cha kutunza siri.

Jumapili ile alikwenda Ponggol kula chakula cha mchana na kumkuta baba yake, mwenye miaka sitini na mitano, akimwaga zege la zizi jipya. "Ah Eng, njoo uone! Hili litadumu mpaka wajukuu." Akasimama pale na viatu vyake vya ofisini. Akasema, "Zuri, Baba." Akarudi Jumapili ya pili, na ya tatu, akala, akanyamaza.

Tangazo lilipotoka mwaka 1984, mzee alilisoma gazetini, akamtazama ng'ambo ya meza.

"Ulijua?"

"Nilijua, Baba."

Mzee alichukua bakuli lake la uji wa mchele, akaenda kuula zizini. Tangu siku hiyo, kwa miaka kumi na minane, hakumwambia binti yake zaidi ya "Umekula?" Aliuliza kila walipokutana, maana hata mtu uliyemkasirikia humwachi na njaa. Akishajibiwa, basi. Zizi lilivunjwa mwaka 1987, mzee akahamia ghorofa ya tisa, Hougang.

Bernadette alistaafu Desemba 2001. Januari akaomba chumba cha jumuiya chini ya jengo lao, lilelile la baba yake, akabandika tangazo: vijana waje kila Jumamosi, saa tisa alasiri, wajifunze jinsi mambo ya ndani yanavyoendesha mambo ya nje ya nchi ndogo. Wakaja saba. Wanne walifuata kiyoyozi. Alionyesha michoro, mishale na tarehe, hadi binti mmoja, Suhaila, mwanafunzi wa upishi, akainua mkono.

"Anti, samahani. Mimi nasomea keki. Haya ya mabalozi yananihusu nini?"

Bernadette akazima mashine ya picha. Kwa mara ya kwanza maishani akasimulia habari ya zizi la baba yake.

"Mimi nguruwe hata harufu yake siijui, Anti," akasema Suhaila.

"Hujakosa kitu, mwanangu."

Wakacheka. Lakini Suhaila hakuachia hapo. "Babu je, aliambiwa sababu?"

"Aliambiwa ni kwa ajili ya taifa."

"Hiyo si sababu, Anti. Na wewe uliyeijua, umestaafu, bado hujamwambia?"

Jioni ileile alipanda ghorofa ya tisa na ramani mkononi, akaitandaza mezani kwa baba yake. Akamwonyesha mto uliopita nyuma ya zizi, mabwawa, na bomba linalovuka mlango wa bahari. Akamweleza wajumbe wetu walivyokuwa wakikaa mezani kabla ya mabwawa hayo na walivyokaa baadaye. Alisema kwa saa nzima. Mzee alisikiliza, kidole chake kikiwa juu ya Ponggol.

"Ungeniambia haya wakati ule," alisema mwishowe, "ningekasirika vilevile."

"Najua, Baba."

"Lakini ningekasirika nikijua kwa nini. Kukasirika gizani kunachosha." Kisha akauliza, "Umekula?" Na safari hii hakungoja jibu, akainuka kupasha moto uji.

Jumamosi iliyofuata mzee alishuka darasani, na hakukosa hadi alipofariki mwaka 2009 akiwa na miaka tisini na moja. Bernadette alikuwa akiwagawa vijana katika mchezo wa mazungumzo baina ya nchi mbili, na sharti lake lilikuwa hili: kabla hujakwenda kwa jirani, lazima watu wa nyumbani wakubali. Mtu wa nyumbani alikuwa mzee Seah. Alikataa kila kitu. Walimletea hoja, takwimu, hata maandazi. Akala maandazi, akakataa. Wiki ya tano Suhaila akavuta kiti, akakaa karibu naye.

"Babu, kabla sijakuomba kitu. Mimi nikikuhamisha, wewe utapoteza nini?"

Mzee akaeleza, Bernadette akitafsiri kutoka Kiteochew. Alipofika kwenye majina ya nguruwe majike aliowazalisha kwa mikono yake, mfasiri akayarudia moja moja bila kuyatafsiri. Mzee akakubali siku hiyo. "Huyu mpeni ubalozi," alisema.

Suhaila hakuchukua ubalozi. Ana duka la keki Bedok, na keki mlizokula msibani kwa siku tatu ni zake. Bernadette alikuwa akisema hakuanzisha darasa ili kuzalisha mabalozi. Alitaka mtu akisoma gazeti kwamba mkataba umetiwa sahihi, ajiulize ni nani huku nyumbani amehama, na kama ameelezwa.

Oktoba 2023 madaktari waligundua saratani ya kongosho. Alipokea habari kwa utulivu, isipokuwa alipokatazwa kahawa. Hapo aligombana na daktari hadi wakapatana kikombe kimoja kwa siku. Darasa lilihamia sebuleni kwake. Jumamosi ya mwisho, tarehe 25 Mei, vijana kumi na mmoja walikaa sakafuni, naye akiwa amelala kochini akawauliza swali alilowauliza kila mwaka: je, alikosea kunyamaza? Wakagawanyika kama kawaida, wakabishana hadi jirani akagonga ukuta. Mmoja akasema, "Anti, mwaka huu tupe jibu lako." Akasema, "Ningekuwa nalo, ningeacha kuwauliza." Alifariki nyumbani, Alhamisi tarehe 6 Juni 2024, asubuhi, Cyril akiwa amemshika mkono.

Aliomba azikwe hapa makaburini Choa Chu Kang. Clarissa alimkumbusha kwamba ardhi ni haba, na kwa sheria kaburi hufukuliwa baada ya miaka kumi na mitano. Akamjibu, "Naijua sheria, na sababu yake naijua. Siku wakija kunihamisha, msiwazuie. Ila muwepo."

Ameacha mume, Cyril, watoto, Adrian na Clarissa, mkwe, Priscilla, wajukuu watatu, Ethan, Lourdes na Gabriel, kaka mmoja na dada wawili, na vijana wa miaka ishirini na miwili ya Jumamosi, ambao wengine sasa wana mvi.

Kisiwa chetu ni finyu, kwa Bwana kuna nafasi. Ah Eng, lala huko kwa amani, mahali ambapo hakuna atakayekuhamisha.