Ahadi ya Wasichana Sita

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliofika kumsindikiza dada yetu, familia inawasomea maisha yake kama yalivyoandikwa na mdogo wake wa kike, aliyemuuguza.

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Kamanda, alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba yake, fundi seremala, akiwa mtoto wa pili kati ya watano. Alianza shule ya msingi Januari 1974, na mpaka darasa la nne walimu walimhesabu kama bubu, kwa sababu alikuwa na kigugumizi, akaona heri kunyamaza kuliko kuchekwa. Mwaka 1978 alijiunga na skauti wa kike pale shuleni, na kiongozi wao akampa kazi ya kuita majina kila Jumamosi, akamsubiri hata jina moja lilipochukua dakika nzima, wala hakuna aliyeruhusiwa kucheka. Alimaliza shule mwaka 1980 akiwa anaongea, na tangu hapo, kama mnavyojua, kazi ilikuwa kumnyamazisha.

Tarehe 2 Februari 1987 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, akafua na kupiga pasi mashuka ya wagonjwa kwa miaka thelathini na minne. Tarehe 11 Agosti 1990 alifunga ndoa na fundi umeme, ambaye alifariki mwaka 2009, wakajaliwa wavulana wawili, naye akasema kwa kuwa amenyimwa binti, ataazima wa wenzake. Kuanzia 1996 aliwaazima kweli, akaongoza kikosi katika shule ile ile, akawafundisha kufunga jeraha, kusoma ramani, kupikia watu arobaini, na kumwambia mtu mzima hapana bila kutazama chini. Akina mama waliokataa kumwazima mabinti aliwafuata jikoni kwao mpaka wakachoka. Mmoja wa mabinti hao ndiye nesi aliyemtundikia dripu wiki ya mwisho, mwingine anaendesha greda. Wengi wao aliwaomba wasomee cheti cha uongozi ili wampokee kazi, na kila mmoja alisema mwakani.

Novemba 2022 alianza kuvimba miguu, madaktari wakakuta moyo umetanuka. Wakati huo wasichana sita walikuwa wamemaliza mafunzo, wanangoja kula ahadi mbele yake na kuvishwa skafu, siku ikapangwa tarehe 4 Machi, ikasogezwa hadi tarehe 1 Aprili, ikasogezwa tena, kwa sababu alitaka kwanza aweze kusimama. Mdogo wake alimwambia, wewe dada, kaa kwenye kiti uwaapishe watoto, nani atakupima urefu hapa, naye akajibu kwamba aliyemwapisha yeye alisimama, kwa hiyo ahadi haipokelewi kwa kukaa, na asiambiwe tena. Alifariki Alhamisi tarehe 4 Mei 2023, saa nne asubuhi.

Jana mdogo wake alikisoma kitabu chote cha kanuni za skauti, hakukuta popote palipoandikwa kwamba kiongozi lazima asimame. Alichokuta ni kwamba kikosi kisicho na kiongozi mwenye cheti hufungwa, waliokula ahadi huhamishiwa kwingine, na wasiokula huruhusiwa kuanza upya kwingine iwapo tu hawajatimiza miaka kumi na mitano. Kati ya hao sita, wanne wameshapita umri huo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, majirani waliopokezana kumgeuza kitandani, na wafanyakazi wenzake wa chumba cha kufulia, ambao wameleta mashuka aliyofunikwa nayo, wameyapiga pasi wenyewe.

Tarehe ya tatu aliyowapangia wasichana ni leo. Wamekuja wamevaa sare, shingo tupu, wamekaa benchi la mbele kama alivyowaagiza.

Pumzika kwa amani, dada, sisi tuliobaki hatujui tuwaambie nini.