Nyuzi, Aliyekufa Mara Tisa Kwenye Filamu

Marehemu babu yetu, ambaye wengi mlimwita Nyuzi, alizaliwa tarehe 9 Juni 1951 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha nguo, mtoto wa nne wa fundi mitambo.

Alisoma mpaka darasa la saba. Mwalimu wa hesabu alimkuta anapiga dawati kwa vidole, akamuuliza, "Wewe, hiyo hesabu gani?" Akajibu, "Ya nane, mwalimu. Ikiisha narudia." Darasa likaangua kicheko, mwalimu akageukia ubao asionekane anacheka.

Mwaka 1969 aliingia bendi ya kiwanda, akapiga gitaa la solo miaka ishirini na miwili. Mwaka 1991 watu wa filamu walikuja kuichukua bendi ipige kwenye harusi ya kuigiza. Sasa, katika bendi ile kiongozi akisema "Kata!" ni wachezaji wakate viuno na gitaa lipande. Mwongozaji wa filamu akasema, "Kata!" ili wasimame. Marehemu akapandisha. "Kata, kaka!" Akapiga magoti, jasho linamchuruzika, macho kayafumba, ule uso hausemeki. Mpiga picha alisahau kuzima kamera. Mwongozaji akasema taratibu, "Gitaa apewe mwingine. Huyu mimi namtaka uso."

Alikuwa amemuoa Bibi tarehe 12 Aprili 1975, mkaguzi wa vitambaa kiwandani hapo. Bendi haikumsumbua Bibi. Filamu ndizo zilizomshinda, maana katika zote tisa zilizofuata marehemu alikufa: kwa risasi, kwa sumu, kwa maji. Bibi alitazama ya kwanza tu, akatoka mbio ukumbini, akamkuta nje mzima anaongea na watu. Akamtandika kofi la bega. "Usinifie tena mbele za watu, baba watoto!" Marehemu akamwahidi filamu moja ambamo atarudi nyumbani mzima. Ahadi ile ilimkaa rohoni miaka thelathini, kwa kuwa kila mwongozaji alimwambia hakuna anayejua kufa kama yeye.

Filamu hiyo alipoipata, ugonjwa wa moyo ulikuwa umeshampata. Ilibaki sehemu ya mwisho: kupanda ngazi kumi na mbili na kufungua mlango. Daktari akasema, "Tatu tu, mzee." Basi tarehe 3 Machi 2023 alipanda tatu, akaketi, akapanda tatu, akaketi, siku nzima. Ukiitazama filamu, anapanda zote kama kijana. Tuliomwona akihema kwenye kiti bado hatuelewi.

Mwezi Mei, akiwa amelazwa, watu wa filamu waliileta wodini. Bibi akajifunika uso kwa khanga.

"Tazama bwana," marehemu akamwambia.

"Ukifa je?"

"Sifi. Hii naijua."

Bibi akatazama. Mlango ulipofunguka, akalia mpaka muuguzi akaja kuuliza kuna nini. Marehemu akamjibu, "Nimefika nyumbani."

Alifariki Jumanne tarehe 16 Mei 2023, saa nne asubuhi, Bibi akiwa kando yake.

Ameacha watoto watatu, wajukuu saba, na mjane, ambaye tangu juzi ameanza kuzitazama zile tisa. Jana alimaliza ya nne, na safari hii hakutoka mbio.

Mungu amlaze Babu pema, apumzike kwa utulivu.