Mkate wa Mjane na Viti vya Mbele

Leo, Jumamosi, tarehe ishirini na nane Juni, naapa mbele ya Mungu na mbele yenu kwamba nitasema yote.

Mheshimiwa Préfet, mkuu wa shule yetu, baba Mwenyekiti wa komite ya shule, ambaye pia ni mzee wetu wa kanisa, walimu wetu, wazazi mliotoka Baraka na Nundu, wanafunzi wenzangu: nimepewa kazi ya kumuaga mwalimu wetu Madame Dorothée, anayehamishiwa Lulimba. Nimeambiwa nitoe shukrani tu. Nitamshukuru kwa kusema ukweli.

Mnaikumbuka Pentekoste? Tuliigiza mchezo wa kale, ulioandikwa na mtu aliyekufa kabla babu zetu hawajazaliwa. Mfalme anaingia kwa mjane, anachukua mkate wake wa mwisho, anauinua, anaubariki, anaumega, kisha anaula peke yake. Tulipousoma darasani tulicheka, tukidhani ni mlafi tu. Madame hakucheka. Alituuliza, "Mikono ile mumeiona wapi?"

Tuliiona kanisani. Ndipo tukaelewa kwamba ndani ya kichekesho mwandishi alimficha mtu anayeigeuza meza ya Bwana kuwa meza yake. Madame akamvika Bienfait, mfalme wetu, kitambaa cheupe kama cha wahudumu wa meza hiyo, ili hata asiyesoma aone.

Kosa lilitoka wapi basi? Desturi yetu mnaijua: wageni wa mbele huletewa chakula mchezo ukiendelea. Mimi, mjane, nilikuwa nimepiga magoti nikilia njaa, na sahani za bukari, ugali wetu, na samaki zikapita mbele yangu kuja kwenu. Dieumerci, askari wa mfalme, alisahau maneno yake kwa kutazama samaki. Mfalme akatafuna. Nanyi mkatafuna. Mama mmoja wa nyuma akauliza, "Bafalme iko bangapi leo?" Uwanja mzima ukacheka.

Nani alikipanga kicheko hicho? Sahani hazikuwa za Madame. Lakini kesho yake komite ikasema ameichezea meza ya Bwana, na kwamba aondoke.

Nina hasira, wala sioni haya. Aliyetufundisha kuuheshimu mkate ule anaondolewa na waliokula mbele ya watoto wenye njaa.

Madame, asante. Ulitufundisha kusoma polepole, mpaka maandishi ya zamani yakatutazama.

Nanyi nyote, asanteni kwa kunivumilia, ingawa siketi bado. Baba Mwenyekiti, mizigo yake imefungwa kwenye pikipiki pale langoni, na kamba hufunguliwa. Naomba unijibu sasa, yeye akisikia: siku ile aliyechekwa alikuwa Mungu, au ni ninyi?