Mwenye Kuitika Kwanza

Ukitoka stendi ya Kitale ukishika njia ya Kibomet, kabla hujamaliza kutafuna hindi moja la kuchoma utatuona: watu wanne kwenye benchi la mbao mbele ya duka la Kemboi, fundi wa redio, tukinywa kahawa ya tangawizi anayotuuzia Kabura na kuutazama mlima Elgon. Vijiwe vingine hubishania mpira. Sisi, Novemba hiyo ya mwaka wa tisini na tatu, tulikuwa tunabishania ripita. Ripita ni sanduku la chuma lililofungwa kwenye mlingoti juu huko Elgon, shambani kwa Kiplagat. Kazi yake ni moja tu: inadaka sauti dhaifu kutoka kwa redio ndogo za kuongea tulizo nazo sisi wapenzi wa hewani, inaisema tena kwa nguvu, na mtu wa Kitale anapiga gumzo na mtu wa Bungoma au Lwakhakha kana kwamba wameketi jiko moja. Zamani jioni zilijaa watu. Sasa kimya. Na Kiplagat alikuwa ametutumia ujumbe: Jumamosi anaung'oa mlingoti, maana sanduku lisilosema limegeuka mzinga wa nyuki. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Tujuane kwanza. Kemboi tunamwita Voltu. Thuo ni Ramani, kwa sababu anachora ramani za mashamba na hajawahi kukubali kwamba amepotea. Mzee Festus ni Mzee Antena, ndiye aliyelipandisha lile sanduku mlimani na kutufundisha sote kuongea hewani. Mimi, Kiplimo, wananiita Stendibai, kwa vile nikiulizwa jambo nasema ngojeni kwanza. Sikatai.

— Mimi nawaambia ni mahindi, akaanza Thuo Ramani.

— Mahindi gani tena? akauliza Kemboi.

— Hizi mbegu za siku hizi. Mahindi ya Trans-Nzoia imekuwa mrefu kupita kiasi. Sauti inatoka Bungoma, inapita hapo Kiminini chini chini, mahindi inaikunywa. Kwani majani haikunywi umande?

— Lakini si tumevuna? Mbona bado kimya?

— Si sauti ziko kwa gunia sasa! Salamu zote za mwaka huu ziko kwa ghala, zimekaushwa vizuri. Bibi yangu alisaga debe moja juzi. Tukakula ugali, nikalala, nikaota mtu wa Chwele ambaye simjui ananisalimia. Akauliza mpaka watoto.

— Na ulimjibu?

— Nilikuwa na usingizi, bana.

Tulicheka, lakini nakiri kwamba gunia la jirani lilipopitishwa mbele yetu niliinama kidogo kutega sikio. Mtu ukikaa sana bila kusikia sauti unazozipenda, unaanza kuzitafuta hata pasipo na akili. Nilizipenda zile jioni. Nilizipenda hadi nikawa nakunywa chai polepole ili isiishe kabla ya mtu wa mwisho kuaga.

— Wacha mahindi, akasema Kemboi Voltu, akaweka kikombe chini. Ni mapango.

— Mapango ya ndovu?

— Hayo hayo. Ndovu wa Elgon wanaingia ndani kulamba chumvi, si ndio? Sasa sauti nayo ni kama ng'ombe. Ikionja chumvi mara moja hairudi boma. Iko huko ndani, imelala kwa giza, inalamba ukuta. Ukienda na tochi utasikia harusi yote ya Nakhungu, ile tuliisikiza hewani mwaka wa themanini na sita, mpaka keki.

— Na dawa yake?

— Tufunge mfuko wa chumvi kwa mlingoti. Sauti ikitaka kulamba, ilambe hapo, halafu iendelee na safari. Dawa ya moto ni moto.

— Hiyo methali si ya hapo, nikamwambia.

— Methali ni kama spea, Stendibai. Ikiingia, inaingia.

Thuo akatoa kalamu, akaanza kuchora mlima kwenye karatasi ya sigara. Akachora mapango, akachora mshale unaotoka Lwakhakha na kupinda kuingia pangoni, akasema sasa anaelewa. Akasema ikiwa chumvi itafaulu, tuweke na mlingoti wa pili Kiminini wa kukusanya yale yaliyonywewa na mahindi. Kemboi akasema afadhali tufanye harusi nyingine hewani, kijana wa Kitale na msichana wa Bungoma wasioonana mpaka siku ya kuvalishana pete, watu wote wawashe redio kusikiza. Mimi nikasema pengine sauti zimechoka tu. Mlima ni mrefu. Tuziache zipumzike, zitarudi zenyewe.

— Zipumzike mpaka lini? Jumamosi mlingoti unatoka!

— Ngojeni kwanza, nikasema.

Mzee Antena alikuwa ameketi mwisho wa benchi, kofia magotini, macho mlimani. Yeye hachangii siku hizi. Anatabasamu, anapuliza kahawa, na mara moja moja anatoa neno moja ambalo sisi tunalipokea kama amri.

— Hewa imekufa, akasema.

Tukamgeukia sote kwa heshima.

— Zamani, akaendelea taratibu, ukiwasha redio jioni unasikia mvua ikianguka juu ya mabati ya Bungoma. Hapa jua bado. Unasikia mvua ya mwenzako, halafu unangoja, na baada ya saa moja inakufikia wewe. Mvua ile ile. Nilikuwa nakaa na redio namngoja mgeni ambaye nishamsikia njiani.

Kwa kitambo kidogo hata mimi niliisikia, mvua ikitembea kutoka kusini, ikivuka mto, ikipanda na barabara ya Webuye. Kabura ndiye aliyetuamsha. Huwa anasimama nyuma yetu na birika lake, na tunasahau kwamba ana masikio.

— Lakini nyinyi, mimi nasikianga mtu, akasema.

— Mtu gani?

— Hapo ndani kwa duka. Kila jioni saa kumi na mbili nikirudisha vikombe. Redio inasema, "Kitale, Kitale, ni Jotham wa Bungoma, kuna mtu hapo?" Anaita mara tatu. Halafu anasema hali ya mvua, halafu anaaga. Si huyo ni mtu?

Kemboi akakohoa. Thuo akaikunja ramani yake. Nikatazama viatu vyangu.

— Ah, huyo, akasema Kemboi kwa sauti ya chini, akimtupia mzee jicho. Huyo ni Jotham tu.

— Jotham tu? Na mbona hamumjibu?

— Mama Kabura, wewe hujui sheria ya hewani. Mtu akiita, mkubwa ndiye anaitika kwanza. Mzee anasema karibu, ndio sisi watoto tunafuata. Penye wazee haliharibiki neno.

— Na mzee hajaitika?

— Tangu Pasaka.

— Kwa nini?

Hapo tukasogeleana, tukanong'ona. Mzee Antena na Jotham ndio waliolipandisha sanduku lile wakiwa wawili, Jotham amebeba betri mgongoni. Marafiki wa damu. Basi Jotham alipoanza kuita na mzee asijibu, tukajua wamekosana. Thuo alisema ni kuhusu ngazi iliyoazimwa ikarudi na vipago pungufu. Kemboi alisema hapana, ni jogoo. Mimi nilisema ngojeni kwanza, watapatana. Na ni nani angeingilia ugomvi wa wazee wawili, aitike kabla ya mzee wake na kumtia aibu hewani, Wilaya nzima ikisikia?

— Kwa hiyo kila mtu anasikia, akasema Kabura, na kila mtu ananyamaza.

— Tunaheshimu.

— Ndio maana wewe Kemboi unaanuaga mahindi yako mapema kabla mvua ije. Nilikuwa nafikiri uko na mganga.

Thuo alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Kemboi hakucheka. Mimi pia nilikuwa nimeanua mahindi yangu mara mbili wiki hiyo kwa maneno ya Jotham, nguo za watoto usiseme.

Tukiwa hapo akaja msichana kutoka upande wa stendi, viatu vina vumbi la safari, mkononi ana karatasi iliyoandikwa jina la duka. Akasoma kibao, akatutazama, akapiga magoti kidogo mbele ya mzee kama desturi, kisha akatusalimu wengine.

— Shikamooni. Natafuta fundi Kemboi.

— Marahaba. Ni mimi.

— Naitwa Rispah. Nimetoka Bungoma. Baba ndiye amenituma, anaitwa Jotham.

Benchi likawa dogo ghafla. Kabura akammiminia kikombe bila kuulizwa.

— Baba hatembei tena, akasema Rispah. Miguu ilikataa mwezi wa pili. Anakaa dirishani na hiyo ledio yake. Mchana anaangalia mawingu, jioni anaita. Kila siku anaita. Hakuna mtu anajibu. Kwanza alisema ni betri, tukabadilisha. Akasema ni waya, nikapanda juu ya nyumba mimi mwenyewe nikaweka mpya. Sasa anasema pengine sauti yake haitoki kabisa, anaongea na ukuta. Amesikia Jumamosi mlingoti unatolewa. Akaniambia, nenda Kitale uulize watu wa ledio kitu kimoja tu, halafu nipumzike.

— Uliza, mama, akasema Thuo, na sauti yake haikuwa ya kijiweni.

— Ledio ya baba imeharibika?

Swali jepesi. Kemboi angelijibu akiwa usingizini, maana sauti ya Jotham ilikuwa inafika safi kuliko ya mtu aliyesimama mlangoni. Lakini tukisema imeharibika, tumedanganya, na mzee wa watu ataizima aamini kwamba miezi yote hiyo alikuwa anaongea na ukuta. Tukisema ni nzima, basi tulikuwa tunamsikia. Kila siku. Na mahindi tulikuwa tunaanua. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Tukafanya tulivyozoea. Tukageuka sote watatu kumtazama Mzee Antena, aseme yeye kwanza.

Mzee alikuwa bado anautazama mlima. Wingu lilikuwa limeanza kukaa upande wa Bungoma. Akapuliza kahawa, akanywa, akatabasamu.

Rispah akadhani hajaelewa. Akasogea, akarudia kwa sauti ya juu zaidi:

— Mzee, naomba kuuliza. Ledio ya baba yangu Jotham imeharibika?

Mtu wa upande wa pili wa barabara aligeuka kututazama. Mzee Antena hakugeuka. Ni baada ya kuona kivuli kwenye miguu yake ndipo alipoinua macho, akamwona yule msichana, akaona sisi tunavyomkodolea, akatikisa kichwa kwa upole.

— Huyu mtoto ni wa nani? akatuuliza. Mbona amesimama tu hapo hasemi kitu?

Kikombe cha Kemboi kilianguka. Hakuna aliyekiokota. Hapakuwa na ngazi, hapakuwa na jogoo. Kulikuwa na mzee ambaye masikio yake yalimuaga polepole, asiwe na moyo wa kumwambia mtu, akawasha redio yake kila jioni, asisikie kitu, na kusema hewa imekufa kwa sababu kwake ilikuwa imekufa kweli. Na kule dirishani rafiki yake akiita. Na katikati yao sisi, tukiwa na masikio mazima na adabu nyingi.

Rispah alituelewa kabla hatujajielewa. Hakulia, wala hakutukana. Akaweka kikombe chake kwenye benchi, akatazama saa ya dukani kwa Kemboi. Zilikuwa zimebaki dakika kumi.

— Saa kumi na mbili ataita, akasema. Ni nani kati yenu atamwitikia?

Na sisi watatu, Mungu atusamehe, tukageuka tena kumtazama mzee.