Damu ya Kalamu

Jua la saa nne lilikuwa limeshaifikia benchi ya Philomène, muuza kahawa wa mbele ya Panda, kambi ya wafanyakazi wa mgodi, na Casimir hakuwa amekunywa hata nusu ya kikombe chake. Hamu ingetoka wapi? Saa sita ilibidi arudishe ufunguo wa ofisi alimokuwa karani miaka kumi na saba, na kesho apande treni ya kuwapeleka watu wa Kasai "kwao". Kwao! Yeye aliyezaliwa hapa hapa Likasi, na Kasai hajaiona hata kwa ndoto. Lakini Katanga ilikuwa mwaka wa pili imejitenga na Kongo, inajiita nchi, na watu walikuwa wamechoka kuuliza maana yake. Wenzake wawili bado walimwita Kalamu, kama siku zote: Édouard wa tanuru la shaba, jina la utani Furno, na Stanislas msukuma vagoni, waliyemwita Lufira kwa sababu baba yake alivua samaki katika mto huo.

— Kalamu, usikasirike, Lufira akasema. Bantu ya Kasai iko na kalamu mu damu. Mukibaki, batoto yetu batakamata kiti ya ofisi lini?

— Weye iko na samaki mu damu, Furno akamjibu. Juu ya nini unasukuma vagoni?

— Njo maana sipate kitu! Damu yangu inakatala vagoni. Ningebakia ku mutoni, ningekuwa tajiri.

— Aba! Mutoto yangu ya mwisho, siku alizaliwa, nilimuweka karibu na moto ya makala. Hakulia hata kidogo. Nikajua: huyu ni wa furno.

— Na bibi yako akasema nini?

— Alinipiga na mwiko.

Hata Casimir alicheka kidogo. Mwanamke mmoja akaja, akatua furushi lake mwisho wa benchi, akapumua. Aliitwa Henriette, ametoka Kamatanda kungoja treni hiyo hiyo ya kesho. Philomène akampa kahawa.

— Minye nasema hivi, Lufira akaendelea. Kalamu apite ku hopitali, bamutoshe damu chupa moja, banitie minye. Kesho niko clerc kama yeye, niko na nyumba ya matofali, bibi anavaa viatu.

— Chupa moja? Furno akadakia. Hiyo itakufikisha paka ku kubeba barua!

Casimir hakucheka tena. Kosa lilikuwa lake. Miaka yote alikaa hapa akijivuna kwamba ukoo wao ulizaliwa na kalamu. Sasa maneno yale yale yalikuwa yanamfukuza, na yalimuuma.

— Hakuna damu, akasema. Baba yangu Placide alikuja kwa miguu na benzake, kuchimba. Mu njia, mumoja yabo akashikwa na homa. Huyo njo alijua kusoma, mutoto ya misioni. Baba akamubebea kitabu yake. Balipofika, baba mbele na mugonjwa nyuma yake, muzungu ya kuandika bantu akaona kitabu mu mukono ya baba. Akaandika: clerc.

— Na baba hakusema? Lufira akauliza.

— Angesema nini? Balimupa blanketi mbili, benzake moja moja. Balimuanzisha na kupiga mihuri. Kusoma akajifunza mbio, kwa woga. Na minye, siku ya kuandikwa, baliniuliza paka neno moja: baba anafanya kazi gani?

Furno akawa anaangalia viatu vyake.

— Samahani, papa, Henriette akasema. Mwenye kitabu alipona?

— Alipona.

— Balimupa kazi gani?

Baba yake Casimir, kila alipokisimulia kisa hiki, aliishia hapo, kwenye kitabu, na nyumba nzima ikacheka. Hata jina la mwenye kitabu Casimir hakulijua. Philomène akainamisha birika, halikutoka tone.

Casimir akasimama, akautafuta ufunguo mfukoni.

— Unaenda wapi, Kalamu? Saa sita bado.

— Ku ofisi. Bale ba zamani baliandikwa mu daftari namna balikuwa banasimama mu mustari. Miaka kumi na saba daftari iko mu kabati yangu, na sijasoma jina yenye iko chini ya ile ya baba.