Reine Anangoja Jibu

Teksi yetu ilipotoka soko la Owino, Kampala, mwanamke wa Kikongo, muuza vitenge, alikuwa akimsimulia Mkenya aliyeketi karibu naye habari za binti yake. "Daktari anasema Reine wangu ana Asperger, aina ya usonji. Hakuangalii usoni. Nilimfundisha kusalimia, basi anauliza watu, 'Umelalaje?' halafu anasimama pale kungoja jibu la kweli."

"Hiyo ni kukosa adabu tu, dada," Mkenya akasema. Kumbe adabu ni kuuliza huku unaondoka.

"Tangu tukimbie vita, ni yeye peke yake anayengoja nimalize kujibu. Sasa amehamia hosteli ya chuo, Kyambogo. Asubuhi nyumba iko kimya."

Tukasimama Kalerwe. Mkenya akavuta miguu ampishe. "Na leo umelalaje, dada?"

"Salama," akajibu, akashuka.