Mwalimu Halimah na Jina Lililokatwa

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Leo tunamkumbuka Mwalimu Halimah Marjan wa Old Kampala. Mmetuzoea tukizungumza kwa upole hapa. Leo mtatuwia radhi. Leo tuna hasira, na hatuoni sababu ya kuificha.

Mwalimu Halimah amefariki akiwa na miaka hamsini na minane. Presha ilimwangusha Jumanne asubuhi, wiki iliyopita, akijiandaa kwenda kazini. Jumatano akazikwa. Alifundisha katika shule moja ya msingi pale mlimani miaka ishirini na mmoja. Shule yenyewe hatuitaji jina, maana watoto wake hawana kosa.

Alikuwa mama wa sauti. Bintiye, Bushira, anasema mama yake aliweza kuinyamazisha foleni ya uji ya watoto mia tatu kwa neno moja, bila kiboko. Alipenda chai ya tangawizi kali na hakupenda mtoto anayejibu kwa kutikisa kichwa. Una mdomo, alikuwa akisema, utumie.

Na alikuwa Mnubi. Babu zake walikuwa askari kutoka Sudan, walioletwa na mkoloni. Hilo lishikeni, wasikilizaji, kwa sababu ndilo lililomponza kaka yake.

Kaka yake aliitwa Abubaker Marjan. Alikuwa fundi cherehani. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Alishona sare za shule, zile za kijani, na hakuwahi kushika bunduki. Aprili 1979 serikali ya kijeshi ilipoanguka, watu walitafuta wa kumlipizia kisasi, na jeshi lililoanguka lilikuwa na Wanubi wengi. Basi kila Mnubi akawa mkosaji. Kundi la watu liliingia dukani mchana kweupe likamtoa Abubaker kwenye cherehani yake. Baadhi yao walikuwa wateja wake. Halimah alikuwa na miaka kumi na mitatu, amejificha chini ya meza ya kukatia, amefunikwa kitambaa cha kijani. Aliwasikia wote na aliwajua kwa sauti. Maiti ya Abubaker haijapatikana mpaka leo.

Sasa njooni shuleni. Kila Novemba shule hiyo huwakumbuka waliokufa vitani. Zamani ilikuwa shughuli ya dakika kumi. Ukutani kuna kibao cha shaba chenye majina saba ya maofisa wa Kiingereza, na chini yake pameandikwa: na wapagazi wao. Mwalimu mkuu alisoma majina saba, akasoma maneno hayo matatu, watoto wakarudi darasani. Na wapagazi wao! Kana kwamba waliokufa ni masanduku.

Mwaka mmoja alikuja mzazi, Mkenya, anaitwa Teresa Nabangala. Anauza sufuria kwa jumla katika soko la Kikuubo, na mtoto wake alikuwa darasa la tano kwa Halimah. Teresa alimweleza mwalimu kwamba babu wa babu yake, Khisa, alichukuliwa Bungoma kubeba mizigo ya jeshi katika vita vya Mwingereza na Mjerumani, na hakurudi. Akauliza kama jina lake haliwezi kusomwa.

Halimah hakumuuliza mtu. Novemba ile alisimama mbele ya paredi, akaomba kipaza sauti, akasoma: Khisa. Alikuwa amewafundisha watoto kujibu, na shule nzima ikajibu: Tunaye. Teresa alilia mbele za watu, yeye ambaye Kikuubo hugombana na madereva wa malori na kuwashinda.

Siku ile hapakuwa na wa kumzuia. Angeweza kumsoma na kaka yake. Hakumsoma. Alipofika nyumbani alimwambia Bushira kuwa mgeni hutangulizwa chakula, wenyeji watakula baadaye. Ndivyo alivyolelewa. Kaka yake angesomwa mwaka unaofuata.

Mwaka unaofuata majina yalimiminika. Atoo, mpishi wa shule, alileta jina la dada yake aliyechukuliwa na waasi katika vita vya kaskazini. Wengine walileta jamaa waliouawa katika vita vya Luwero. Halimah akaleta la kwake, Abubaker Marjan. Hapo shule ikaunda kamati ya kuyapitia majina, na mwenyekiti akashika kalamu nyekundu.

Abubaker alikatwa. Walimwambia hakuwa askari. Halimah akawajibu kuwa Khisa naye hakuwa askari, wala dada yake Atoo. Wakamwambia basi si hilo, ila watu bado wana uchungu na Wanubi. Avute subira hadi mwaka ujao.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, wasikilizaji. Bushira ametuletea bahasha hapa studio. Ndani mna orodha kumi. Miaka kumi mfululizo mama yake aliandika jina la Abubaker kwa mwandiko wa mwalimu, na miaka kumi mstari mwekundu ulipita juu yake. Mwaka wa saba waliichana karatasi kidogo kwa kukandamiza kalamu.

Na kila Novemba, nani aliyesimama mbele kuwasoma ndugu za wenzake? Ni yeye! Walimkatia kaka, wakamkodolea macho awasomee. Aliyewafungulia wengine mlango akaachwa barazani. Na sisi tusijitoe. Redio hii ilitangaza sherehe ile mara tatu. Tuliisifu kwamba haibagui mtu. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza ni nani hayumo.

Teresa aliuliza. Mwaka juzi alimvuta Halimah pembeni kabla ya paredi akamwambia, "Mwalimu, maiki iko kwa mkono yako. Si umsome tu? Nani atakushika?"

Halimah alimjibu, na Teresa hajasahau. "Nikimsoma kwa wizi watasema aliingia na dirisha. Wale waliomtoa dukani walimtoa na mlango. Mimi nataka arudi na mlango."

Hakurudi. Mwalimu ametangulia, na mlango umefungwa vilevile.

Siku ya tatu ya tanga, mwenyekiti wa kamati alifika nyumbani na barua. Alikaa mkekani, akatoa pole, akala wali wa watu. Kisha akasoma. Shule imeamua kwamba Ijumaa hii jina la Mwalimu Halimah Marjan litasomwa la kwanza, na watoto watamwekea maua. Alidhani ameleta zawadi.

Bushira aliichukua barua, akaikunja, akamrudishia. "Mama yangu hakufa kwa vita," alisema. "Mjomba ndiye alikufa kwa vita. Kama yeye hamumtaki, na mama mumwache."

Mwenyekiti akamjibu kuwa suala la mjomba wataliangalia mwaka ujao. Ndiyo, wasikilizaji. Kwenye tanga, mbele ya mfiwa, mtu alifungua kinywa akasema mwaka ujao.

Jana Teresa alikwenda shuleni akaliondoa jina la Khisa. Alituambia haikuwa rahisi, maana lilikuwa limekaa humo miaka kumi na mmoja na watoto wamelizoea. Lakini hawezi kumwacha babu yake akae mezani kwa mwanamke aliyekufa na njaa. Atoo amemfuata, ameliondoa la dada yake. Kamati inakutana kesho. Hatujui wataamua nini.

Kwako Bushira, na kwa ukoo wote wa Marjan, poleni sana. Mungu amrehemu mwalimu, na awape nguvu. Kwa wanafunzi wake: alikuwa akiwapenda, hata aliowafokea.

Na wewe uliye nyumbani, jiulize. Katika mtaa wako, ni jina la nani ambalo halitajwi hadharani? Mwenye kovu usidhani kapoa. Anaishi nyuma ya ukuta wako, anakusalimu asubuhi, anakusomea wafu wako.

Hapa redioni hatuna kamati. Bushira ametupa ruhusa ya kulisoma jina la mjomba wake. Kabla ya kukata shauri tulimuuliza kama hili nalo si dirisha. Alisema mama alisubiri mlango mpaka akafa, sasa yeye anauvunja. Basi tunalisoma wazi, kwa saa ya watu wengi kusikiliza, na waliomtoa dukani kama wangali hai nao wasikie. Kujibu ni juu yenu, kila mtu alipo.

Abubaker Marjan.